Kutoka Nyumba ya Kufikia hadi Ofisi ya Mshauri: Wanafunzi Wetu Katikati ya Jiji



Kamati ya maandalizi ilituomba sisi tunaoshika vitabu vya umoja tuandike kuhusu mapato na matumizi. Hesabu mtazikuta kurasa za nyuma, pamoja na sahihi ya mkaguzi. Hapa tumeomba nafasi ya kusimulia historia, kwa sababu mwaka huu mkutano mkuu utaulizwa jambo ambalo jedwali la hesabu haliwezi kulieleza: kwa nini tunataka mfuko wa wanafunzi utengwe na mfuko wa misiba.

Tuanzie Kariakoo, maana ndipo wengi wetu tulipofikia. Jina lenyewe lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita Waingereza wakaligawa jiji kwa rangi: Wazungu pwani upande wa Oysterbay, Wahindi mjini kati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi kama ukuta usio na matofali. Huko Kariakoo zikajengwa zile nyumba za Kiswahili tunazozijua, vyumba vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, ua nyuma. Mwenye nyumba alipangisha vyumba, na mpangaji naye akapokea wageni wake kutoka kwao. Mwingereza mmoja, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi wa maisha ya jiji hili katika miaka ya 1950, na jambo mojawapo aliloliona ni hili la mgeni kufikia kwa ndugu au mtu wa kwao, akala na kulala hapo mpaka apate pa kushika. Sisi hatukuhitaji kitabu kutuambia hivyo, lakini ni vizuri kujua kwamba liliandikwa.

Vyama vya watu wa kwao vilizaliwa katika nyumba hizo hizo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzika. Mtu aliyekufa ugenini bila sanda ilikuwa aibu ya wilaya nzima. Kwa hiyo wazee wanaposema umoja ni misiba, wanasema kweli kabisa kuhusu mwanzo wake.

Elimu ya juu nayo ilianzia mitaa hiyo hiyo, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Chuo Kikuu hakikuanzia Mlimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 ndipo kilipohamia kilimani. Chuo cha ufundi ambacho leo ni DIT kilikuwa kimeshaanza mwaka 1957, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1965 kikaja Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, na mwaka 1972 Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Katikati ya hivyo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo akavifikia vyote hivyo asubuhi moja, na wengi wetu tulivifikia hivyo, kwa miguu, kwa sababu hatukuwa na nauli.

Kizazi cha kwanza kutoka kwetu kilichosoma katika vyuo hivi kilitunzwa na serikali. Mwanafunzi aliyechaguliwa alipewa waranti ya kusafiria, kitanda bwenini, chakula, na posho kidogo ya matumizi. Mzee wetu mmoja, sasa marehemu, alikuwa akisimulia kwamba aliposhuka Dar es Salaam mara ya kwanza alikuwa na sanduku la bati na waranti tu, na hakupungukiwa kitu. Hakuwa anatia chumvi. Nchi ilihitaji wahasibu na mafundi haraka, ikawalipia.

Mambo yakabadilika uchumi ulipoyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilitangaza uchangiaji wa gharama, na kuanzia mwaka 1992 ukaanza kutekelezwa kwa awamu. Nauli, vitabu na chakula vikarudi kwa mzazi, kidogo kidogo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ikawasaidia wengi, lakini kwa miaka mingi mkopo ulikuwa wa shahada. Mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa diploma wa fani chache zilizopewa kipaumbele nao walifikiriwa. Mtoto wa Ulanga anayesoma cheti cha uhasibu bado anategemea mpunga wa baba yake.

Hata hivyo, katika miaka hiyo ya mpito tulikuwa na nyumba ya kufikia. Sisi tunaoandika haya tulifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukiwa tumevuka Kilombero kwa kivuko, maana daraja halikuwepo, kisha treni ya TAZARA kutoka Ifakara. Tulipokewa na shangazi mmoja katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa anauza maandazi barazani. Tulilala koridoni, vijana wanne kwenye mikeka miwili, baada ya wapangaji wote kuingia. Hakutudai kodi. Alichodai ni kwamba kila Ijumaa mmoja wetu amwandikie hesabu za biashara yake kwenye daftari, na tunakiri kwamba mazoezi yetu ya kwanza ya leja ni ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Mchana tulisomea Maktaba Kuu, jioni tulirudufu mitihani ya zamani kwenye vibanda. Aliyepata supu aliliwazwa hapo hapo nyumbani, akafundishwa na wenzake. Hakuna aliyediskoo.

Nyumba ile haipo. Pamesimama ghorofa, chini maduka ya simu, juu stoo. Hatumlaumu aliyeuza, kiwanja cha Kariakoo kina bei ambayo hakuna familia ingeikataa. Lakini nyumba za Kiswahili zilipoondoka, vyumba vya kufikia viliondoka nazo. Wanafunzi wetu leo wanapanga geto Buguruni, Kigogo au Mbagala, wawili watatu chumba kimoja, na wanalipa nauli kwenda na kurudi kila siku. Hakuna shangazi anayeona kwamba mtoto hajala.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lililotuuma. Miaka michache iliyopita tulikuwa na msiba mkubwa wa mwanachama. Umoja ulifanya kazi yake vizuri: jeneza, gari hadi Mahenge, chakula. Siku ya matanga, binti mmoja wa kwetu alikuwa akigawa chai. Tukamuuliza anasoma chuo gani, kwa kuwa tulijua alikuja kusoma. Akasema aliacha. Alikuwa diploma mwaka wa pili, akapungukiwa ada ya muhula kwa kiasi cha shilingi 180,000. Chuoni kwao asiyemaliza ada hapewi namba ya mtihani. Akakaa kimya, mitihani ikapita, akaanza kuuza nguo Mtaa wa Kongo. Sisi mfukoni tulikuwa na daftari la matumizi ya msiba ule, na gari peke yake lilikuwa limegharimu mara kadhaa ya kiasi hicho. Alipoliona akauliza, bila hasira, "Kumbe umoja una hela?"

Tulifuatilia baadaye. Chuo chake, kama vyuo karibu vyote, kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Angeweza kuandika barua akaomba kulipa kwa awamu, au kuahirisha mwaka kwa utaratibu ili arudi bila kuanza upya. Serikali ya wanafunzi nayo huwasemea wenye shida. Hakuna aliyemwambia. Sisi watu wa kwetu tunawalea watoto wasisumbue wakubwa, na ofisi ya namna hiyo humsaidia anayegonga mlango. Chuo kina taratibu zake, na kwa hilo hatuna ugomvi nacho. Lawama tunaiweka kwetu, kwa sababu watano kati ya wajumbe wa kamati tumesoma katika vyuo hivi na tunajua milango yote ilipo.

Kuna wazee wanaoona kwamba tukigawa mfuko, siku ya kifo tutaaibika. Hoja hiyo tunaiheshimu, na ndiyo maana hatupendekezi kugusa senti ya misiba. Tunapendekeza mchango wa hafla ya mwaka huu, na huo tu, uingie akaunti ya wanafunzi yenye watia sahihi wake.

Matumizi yake tumeyapanga hivi. Kwanza, pengo la ada kwa mwanafunzi wa cheti au diploma aliyefika mwaka wa mwisho au wa kabla ya mwisho, na fedha zilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo, zisipite mkononi mwa mtu, hata mkono wetu. Pili, mwanachama mmoja kwa kila chuo, atakayekutana na wanafunzi wapya wiki ya kwanza na kuwapeleka kwa miguu ofisi ya mshauri, maktaba na bima ya afya. Hili halina gharama zaidi ya nauli. Tatu, vyeti vya kuzaliwa. Anayeomba mkopo anatakiwa awe na cheti kilichohakikiwa na RITA, na wengi wa watoto wetu walizaliwa nyumbani na hawana. Wanaanza kukitafuta wakiwa wamemaliza kidato cha sita, dirisha la maombi likiwa linafungwa. Tukilishughulikia hili shuleni mapema, kwa gharama ndogo, tunaweza kumfungulia mtoto mlango wa mkopo ambao mchango wetu usingeweza kuufikia.

Tulimtafuta yule binti kabla ya kuandika haya, tukamwomba ruhusa ya kuisimulia habari yake bila jina. Akakubali. Anasema biashara inakwenda na ana mtoto sasa, na ameuliza kama matokeo yake ya mwaka wa kwanza bado yanatambulika. Barua ya kuuliza tumeiandika pamoja naye na imeshapokelewa chuoni. Jibu likija tutalisoma mkutanoni.

Siku ya hafla mweka hazina atakuwa na meza mbili mlangoni, moja ya misiba na moja ya wanafunzi. Ahadi zitaandikwa kwa majina na kusomwa kabla ya chakula. Risiti zitatolewa papo hapo, na asiyepewa asiondoke.