Makinikia na gawio la London

Kabla ya Machi 2017, ungetamka neno "makinikia" ndani ya daladala la Dar es Salaam, abiria wangekugeukia. Wengi tuliyajua kama "mchanga wa dhahabu" tu. Mwezi huo Rais John Magufuli alipiga marufuku kuyasafirisha nje, makontena 277 yakakwama bandarini. Ni unga wa mwamba uliosagwa na kuchujwa mgodini, wenye shaba, dhahabu na fedha ndani yake. Ulipelekwa ng'ambo kuyeyushwa kwa kuwa hapa hapakuwa na tanuru la kazi hiyo.

Mei 24, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema makontena yale yana wastani wa tani 7.8 za dhahabu, ilhali zilizotajwa na kampuni ni tani 1.2. Kampuni hiyo, Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikakana. Julai ikaletewa bili ya dola bilioni 190: kodi, faini na riba. Ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka mzima! Vijiweni utani ukawa kila Mtanzania na gari lake la Noah. Oktoba, Barrick, kampuni mama, ikakubali kulipa dola milioni 300.

Nani alikuwa na hesabu sahihi ya makontena? Watabishana mpaka kesho. Mimi naona somo la kodi liko kwenye kesi nyingine, isiyokuwa na makontena wala kamera.

Mwaka 2010 Acacia hiyohiyo, wakati huo ikiitwa African Barrick Gold, iliingia Soko la Hisa la London. Hadi 2013 ilikuwa imewagawia wanahisa gawio la dola milioni 412. Huku nyumbani, migodi yake ilikuwa ikiandika hasara, na anayeandika hasara kwa kawaida halipi kodi ya mapato. Sasa, hilo gawio lilitoka wapi? Halikuwa siri, maana kampuni ya soko la hisa hutangaza gawio lake hadharani. Mamlaka ya Mapato (TRA) ikadai kodi ya zuio ya dola milioni 41.25. Kampuni ikapinga, ikashindwa kwenye Baraza la Rufani za Kodi mwaka 2016, na 2020 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yake.

Dai hilo halikuhitaji kufungua kontena hata moja.

Mikataba ya madini nayo ilikuwa na giza lake. Wa Buzwagi ulisainiwa hotelini London mwaka 2007, na mbunge Zitto Kabwe alipotaka Bunge liuchunguze, akasimamishwa ubunge kwa muda. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi kwenye madini, mafuta na gesi mwaka 2009, na sheria ya 2015 ikaagiza mikataba iwekwe wazi.

Kwa miaka mingi mikataba hiyo iliruhusu mgodi kuilipa halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, mauzo yapande yashuke. Leo hutozwa ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ya mauzo. Basi wewe uliye Msalala, jirani na Bulyanhulu, kwenye mkutano ujao wa kijiji muulize diwani wako: mgodi uliuza kiasi gani mwaka jana, na halmashauri ilipokea ngapi?