Vita vya Mengo vya 1892: Dini, Vyeo na Ardhi katika Ufalme wa Buganda

Jumapili ya tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana chini ya vilima vya Mengo, Rubaga, Namirembe na Kampala. Mengo palikuwa na ikulu ya Kabaka Mwanga, Rubaga misheni ya Mapadri Weupe, Namirembe kanisa la Waanglikana, na Kampala ngome ya Kapteni Frederick Lugard, mwakilishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Hapakuwa na askari wa farasi kama katika vita vya madhehebu vya Ulaya. Watu walipigana kwa miguu, wengi wao wakiwa na bunduki.

Kulielezea pambano hilo kama ugomvi wa imani pekee ni kulipunguza. Miaka michache tu kabla yake, Wakristo wa pande zote mbili walikuwa wamepigana bega kwa bega dhidi ya Waislamu na kumrudisha Mwanga kitini. Ushindi huo ndio uliowagawa. Vyeo vya ufalme viligawanywa kati yao, na kila cheo kilifuatana na ardhi pamoja na watu wa kuitumikia. Likazuka swali zito: chifu akibadili dhehebu, je, anaondoka na cheo chake au anakiacha kwa chama chake cha zamani? Haishangazi, basi, kwamba vyama hivyo havikuitwa kwa majina ya imani bali ya mataifa: Wafaransa na Waingereza, ingawa wafuasi wake walikuwa Waganda.

Cheche ilikuwa ndogo. Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi uliohusu bunduki, na Mwanga akamwachilia muuaji kwa hoja kwamba alikuwa akijilinda. Lugard hakuridhika na hukumu hiyo, akawagawia Waprotestanti silaha. Hapo kampuni ya biashara iliacha kuwa msuluhishi, kama iliwahi kuwa hivyo. Bombomu ya Maxim iliyofyatuliwa kutoka kilima cha Kampala ilivunja mashambulizi ya Wakatoliki, Rubaga ikateketezwa. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kikashambuliwa tarehe 30 Januari, naye hatimaye akafika Bukoba, katika himaya ya Wajerumani.

Alirejea Mengo mwishoni mwa Machi. Mapatano ya Aprili yaliwapa Wakatoliki jimbo la Buddu, Waislamu wakapewa maeneo madogo, na Waprotestanti wakabaki na sehemu kubwa iliyosalia. Utaratibu huo unakumbusha mapatano ya Augsburg ya 1555, yaliyomruhusu kila mtawala wa Kijerumani kuchagua dhehebu la nchi yake kati ya Ukatoliki na Ulutheri. Tofauti ni kwamba huko wakuu wenyewe ndio waliopatana na mfalme wao. Buganda mgawanyo ulisimamiwa na mgeni mwenye silaha. Familia za Kikatoliki zilihamia Buddu, na Waprotestanti waliokuwa huko wakapoteza mashamba yao. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba.