Samaki, Gugu na Fosforasi: Historia ya Usimamizi wa Rutuba katika Ziwa Victoria, 1927–2009

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mamlaka za Afrika Mashariki zilivyoshughulikia ongezeko la rutuba katika Ziwa Victoria, kuanzia utafiti wa uvuvi wa 1927–1928 hadi awamu ya pili ya mradi wa mazingira ya ziwa hilo mwaka 2009. Hoja yake ni kwamba kila kipindi kilisimamia kilichoonekana kwa macho, yaani samaki na baadaye gugumaji, ilhali fosforasi iliyokuwa kiini cha mabadiliko haikupata mwenyewe. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kipimo tofauti cha mafanikio.

1. Utangulizi

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hupotea kwa kugeuka mvuke. Mto unaotoka ni mmoja, Naili, pale Jinja. Kwa sababu hiyo, kinachoingia ziwani hakitoki upesi.

Nitrojeni na fosforasi ni chakula cha mwani, na mwani ndio msingi wa uvuvi wote. Ziwa lisilo na rutuba halina samaki wa kutosha. Tatizo huanza rutuba inapozidi: mwani huzaliana kupita kiasi, hufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ya vilindini. Kati ya virutubisho hivyo viwili, fosforasi ina umuhimu wa pekee kwa msimamizi, kwa kuwa aina kadhaa za sianobakteria zinaweza kujipatia nitrojeni kutoka hewani, lakini hakuna kiumbe kinachoweza kujitengenezea fosforasi.

2. Enzi ya samaki

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kingo za ziwa ziliunganishwa na soko la dunia. Mashamba ya pamba na kahawa yakapanuka, misitu ikafyekwa, miji ikakua. Hata hivyo, swali la kwanza lililoulizwa na serikali za kikoloni kuhusu ziwa lilihusu kitoweo. Nyavu za viwandani zilikuwa zimeingia, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alianza kupungua. Michael Graham alifanya utafiti wa uvuvi mwaka 1927–1928 na kupendekeza kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja.

Mwanzo huu uliacha alama ya kudumu. Taasisi za ziwa zilizaliwa kama taasisi za uvuvi, na takwimu zao zilikuwa za tani za samaki. Hata kupandikizwa kwa sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta na Uganda mputa, kulikotokea katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kulijadiliwa kama suala la uzalishaji wa samaki. Sangara walipofurika katika miaka ya 1980 na spishi nyingi za furu kutoweka, mjadala uliendelea kuwa wa samaki dhidi ya samaki.

Jambo moja lilitoka nje ya mkondo huo. Mwaka 1960–1961 Jack Talling alipima mwani, oksijeni na kemia ya maji kwa utaratibu. Vipimo vyake havikubadili sera yoyote wakati huo, lakini vilikuja kuwa kipeo ambacho watafiti waliofuata walikitumia kulinganishia ziwa.

3. Ushahidi wa mashapo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rose Mugidde, Robert Hecky na wenzao walirudia vipimo vya aina ile. Uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takribani mara mbili, diatomu zilikuwa zimeiachia nafasi sianobakteria, na maji ya vilindini yalikosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi wa mwaka.

Je, sangara ndiye aliyeleta hali hiyo? Jibu lilipatikana katika mashapo ya sakafu ya ziwa, ambayo hujipanga tabaka kwa tabaka mithili ya kurasa za daftari. Dirk Verschuren na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba ongezeko la mwani lilianza katika miaka ya 1930, na kwamba upotevu wa oksijeni ya vilindini ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mfuatano huo unaandamana na ongezeko la watu na kilimo katika bonde, na ulitangulia mfumuko wa sangara kwa miongo miwili. Hivyo basi, sangara alikuta ziwa ambalo tayari lilikuwa linabadilika.

Rutuba ilimsaidia hata katika uharibifu wake. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kuwa furu wa kike huchagua dume kwa rangi. Maji yalipofifia, rangi hazikutofautishwa tena, na mipaka kati ya spishi ikaanza kufutika.

4. Enzi ya gugumaji

Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988 na punde baadaye katika Ziwa Victoria. Mto Kagera, wenye chemchemi zake Rwanda na Burundi, uliendelea kulileta. Bandari zilizibwa, wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi, na magati ya Kisumu na Port Bell yakafunikwa. Safari hii tatizo lilionekana na kila mtu, na fedha zikapatikana.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kuhusu mradi wa pamoja wa mazingira, uliotekelezwa kuanzia 1997 hadi 2005 kwa msaada wa Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira Duniani. Uganda ilikwisha kuachia fukusi wanaokula gugu hilo mwaka 1995, na nchi mbili nyingine zikafuata 1997. Gugu lilifikia kilele mwaka 1998, kisha likaporomoka. Wapo waliolitaja jambo hilo kuwa ushindi wa fukusi, na wapo waliosisitiza mchango wa mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997–1998.

Mabishano hayo yaliziba swali kubwa zaidi. Gugumaji hustawi penye rutuba, na rutuba haikuwa imepungua. Mradi ulikuwa na kitengo cha ubora wa maji kilichokusanya takwimu za thamani, lakini mafanikio yalitangazwa kwa hekta za gugu zilizotoweka. Baada ya mvua za mwishoni mwa 2006, gugu lilirejea kwa wingi katika Ghuba ya Winam.

5. Rutuba isiyo na mwenyewe

Wahifadhi wengi huutaja mfano wa Ziwa Washington, karibu na Seattle nchini Marekani. W. T. Edmondson alibainisha kuwa majitaka yaliyosafishwa yalikuwa yakililisha mwani. Wapiga kura waliidhinisha mfumo wa pamoja wa majitaka mwaka 1958, mabomba yakaelekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, na maji yakarudi kuwa maangavu katika muongo uliofuata. Mfano huo hauhamishiki mzimamzima. Seattle rutuba ilipita katika mabomba yanayohesabika. Katika Ziwa Victoria, Rashid Tamatamah na wenzake walikadiria mwaka 2005 kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi huingia kwa njia ya hewa: vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya moto wa nyika na kuni. Sehemu nyingine huletwa na mito iliyobeba udongo.

Rutuba ya namna hiyo haina ofisi. Idara ya uvuvi haina mamlaka juu ya kilimo cha milimani, na wizara ya maji haisimamii uchomaji wa nyika. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa mwaka 1994 na nchi tatu zenye ufuo. Rwanda na Burundi, ambazo udongo wake hushuka na Kagera, zilibaki nje. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotokana na itifaki ya 2003, ndiyo ya kwanza kuitazama ardhi na maji kama kitu kimoja. Baada ya Rwanda na Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, awamu ya pili ya mradi, iliyoanza mwaka 2009, ilizijumuisha pia. Ilikuwa imepita miongo saba tangu mwani uanze kuongezeka.

6. Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo mawili kwa watunga sera. La kwanza ni kutenganisha ghuba na ziwa kuu. Katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, majitaka ya Kampala hupitia mfereji wa Nakivubo na kuingia katika maji yaleyale yanayovutwa na mitambo ya Ggaba kwa matumizi ya mji. Hapo chanzo kinajulikana, funzo la Seattle linafaa, na ardhioevu ya mafunjo inayochuja maji ina thamani inayoweza kukadiriwa kwa gharama ya dawa za kusafishia. Katika ziwa kuu, kazi ni ya hifadhi ya udongo katika nchi tano, na matokeo yake yatachelewa kwa kuwa mashapo yataendelea kurudisha fosforasi iliyokwisha kuingia.

La pili ni kubadili kipimo. Hekta za gugu na tani za sangara hupanda na kushuka kwa sababu nyingi. Kiasi cha fosforasi kinachoingia kutoka kila mto, kila mji na angani kinaonyesha mwelekeo wa ziwa kabla dalili hazijajitokeza. Mpaka takwimu hiyo itakapotolewa kila mwaka na kuwajibikiwa na kila nchi mwanachama, gugu litaendelea kukatwa na kuota tena.