Mkopo Usio na Shahidi: Pesa za Simu na Deni Mjini Lubumbashi

Aghalabu wanaoishutumu mikopo ya simu huipima kwa mizani ya benki, wakaona faida inayotozwa ni kubwa, muda ni mfupi na masharti yamefichika, kisha wakahukumu kwamba ni dhuluma tupu. Hukumu hiyo ingalikuwa ya insafu lau mkopaji wetu angalikuwa na benki ya kumkopesha. Walakini mama auzaye unga na makaa katika komini ya Kenya mjini Lubumbashi, au fundi wa baiskeli wa Katuba, hakufunguliwa mlango huo kamwe, na mkopeshaji aliyemjua tangu zamani ni yule watu wamwitaye Banque Lambert, mtu binafsi awezaye kutoa dola 100 leo na kudai 150 mwisho wa mwezi, naye ameshika rehani televisheni ya nyumba, au kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Ukilinganisha na huyo, simu ni rahimu. Hasara yake iko mahali pengine.

Kwanza tuutaje wema wake kwa ukamilifu. Mwaka 1993 serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 faranga ikaja kuchukua nafasi ya zaire mpya 100,000; aliyekuwa ameweka akiba yake kwa sarafu ya nchi aliiona ikiyeyuka, akajifunza kuficha dola chini ya godoro. Tangu 2012, Vodacom na Airtel na wenzao walipofungua pochi za simu nchini Kongo, amana hiyo ilipata mahali pa kukaa bila kuungua wala kuibwa na kibaka. Mfanyabiashara aendaye Kasumbalesa kuchukua unga wa Zambia hana haja tena ya kufunga noti kiunoni. Chini ya mwavuli wa wakala, mezani pana simu moja kwa kila mtandao na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: namba, kiasi, faranga au dola, saini. Mteja husubiri ujumbe uingie, huusoma mara mbili, ndipo huondoka. Muamala huu una wakala anayeonekana, una kumbukumbu ya maandishi, na una watu wa foleni wanaoushuhudia.

Mkopo hauna hayo. Huombwa na mtu akiwa peke yake, usiku akitaka, kwa kubonyeza tarakimu chache, na fedha huingia kabla hajamaliza kufikiri. Hapa ndipo mtihani ulipo, kwa sababu usiri huo ni sitara kwa mwenye shida ambaye hataki shemeji yake ajue kwamba karo imemshinda, na sitara ni neema kubwa katika mji ambamo kukopa kwa ndugu ni kujifunga kwa maneno ya miaka. Ilhali katika likelemba, ambayo wanawake wa masoko yetu huiendesha kwa kutoa kiasi kilekile kila juma na kupokezana kapu zima kwa zamu, hakuna achukuaye bila wengine kujua anachukua kwa ajili gani, na aliye karibu kujitosa katika upumbavu hupata wa kumwuliza.

Yaliyotokea kwa jirani zetu yanatufunza mwisho wa njia hii. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, jambo ambalo kwa mwezi mmoja laonekana dogo, lakini mwenye kukopa na kukopa tena mwaka mzima hulipa asilimia 90. Baadaye zikaja programu zilizosoma majina yote yaliyomo ndani ya simu, na mkopaji alipochelewa, wakapigiwa simu mwajiri wake, mama yake na mchungaji wake, mpaka Benki Kuu ya Kenya ikaweka kanuni za leseni mwaka 2022. Nayo Benki Kuu ya Tanzania, mnamo Novemba 2024, ilitangaza programu 69 kuwa zinafanya kazi bila idhini. Tazama jinsi mambo yalivyopinduliwa: mashahidi hawakuitwa siku ya mapatano, wakaitwa siku ya aibu. Mkopaji alinyimwa shauri la jamaa zake, kisha jamaa haohao wakafanywa mjeledi wa kumpigia. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko kiwango cha faida, maana faida hulipwa ikaisha.

Kwetu yapo na ya ziada. Mwenye kukopa dola 50 mwanzoni mwa 2023, wakati dola ilikuwa karibu faranga 2,000, naye hupata mapato yake kwa faranga, alihitaji faranga 100,000 kuzilipa. Mwishoni mwa mwaka dola ilipita 2,600, na deni lilelile, bila senti ya faida, likadai zaidi ya 130,000. Tena wengi wanaosema Kiswahili sokoni na nyumbani huwekewa masharti kwa Kifaransa cha mawakili. Na katika jambo la ridhaa, watu hawajaisahau RAM, tozo ya kusajili simu iliyoanza 2020 na kuondolewa 2022 baada ya kilio cha raia na wabunge, ambayo ilikatwa katika salio la simu bila mwenyewe kuulizwa.

Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 imekwisha kuweka msingi wa kulinda taarifa za mtu. Kwa hiyo Banque Centrale du Congo, Benki Kuu ya nchi yetu, ina haki ya kuamuru kwamba hakuna mkopeshaji atakayegusa orodha ya majina ya mteja, kwamba jumla ya kulipwa itajwe kwa faranga na kwa Kiswahili kabla ya kukubali, na kwamba mkopaji akitaka aweze kumtaja shahidi wake mwenyewe, mwenzake wa likelemba mathalani, apelekewe masharti na kupewa usiku mmoja wa kutoa shauri. Kampuni zitalalamika kwamba kungoja huko kunaua manufaa ya simu. Kwa mtaji wa biashara sikubaliani nazo, kwa kuwa lori la unga halipakiwi kwa dakika moja. Lakini kwa fedha kidogo za kumfikisha mtoto mgonjwa hospitali ya Sendwe saa nane za usiku kampuni zina haki, na kwa kiasi cha namna hiyo shahidi aarifiwe asubuhi, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.