Kalamu Inayorudi: Mwandishi na Haki ya Kuihariri Kazi Aliyokwisha Kuitoa

1.0 Utangulizi

Kila mwandishi hurekebisha mswada wake. Hufuta, huongeza, hupanga upya, na kazi hiyo huifanya faraghani kabla matini haijawafikia wengine. Makala haya hayashughulikii marekebisho ya aina hiyo. Yanakusudia kuchunguza tabia nyingine, ile ya mwandishi kuirudia kazi aliyokwisha kuitoa na kuibadilisha ilhali wapo watu waliokwisha kuisoma, kuinukuu au kuitegemea.

Siku hizi tabia hii imeenea mno kwa sababu ya simu. Mkazi wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, aweza kuandika maoni yake asubuhi na kuyahariri mara tatu kabla ya adhuhuri. Ifikapo jioni, wanaomjibu huwa wanayajibu maneno ambayo hayapo tena. Katika mji ambao viwanja huuzwa na kununuliwa kila uchao, na ambao bei, vipimo na ahadi huweza kupitia katika ujumbe wa simu, kubadilishwa kwa tarakimu moja si jambo dogo. Hata hivyo, tabia yenyewe ni kongwe kuliko simu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwandishi anayo haki ya kujisahihisha, lakini sahihisho lake huwa la haki pale tu linapofanywa mbele ya wale waliolipokea neno la kwanza. Hoja hii itafafanuliwa kwa kurejelea utendi wa karne ya 19, mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911, riwaya moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na hatimaye ujumbe wa simu.

2.0 Tamati ya Utendi

Kabla ya matbaa kuenea katika upwa wa Afrika Mashariki, tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kusambaa kwa kunakiliwa kwa mkono. Mtunzi alipoutoa utendi wake hakuwa na uwezo tena juu ya nakala zake. Mnakili aliweza kuruka ubeti, kubadili neno la lahaja isiyokuwa yake, au kuongeza beti alizoziona zinafaa. Watunzi waliifahamu hatari hiyo, na baadhi yao wakaiwekea kinga ndani ya utungo wenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia bintiye, anataja mwishoni idadi ya beti zake na mwaka wa kutungwa kwake, yaani 1275 wa Hijria, unaokaribia 1858 wa Miladi.

Wahakiki wameizoea kaida hii kiasi cha kuiona kuwa pambo tu la kufungia utungo. Lakini ina kazi zaidi ya kupamba. Idadi ya beti ni kufuli. Humpa msomaji wa mbali kipimo cha kuikagua nakala aliyo nayo, na humfunga mtunzi mwenyewe pia, kwani akiutamani baadaye utendi mrefu zaidi, hesabu aliyoitamka itamsuta.

Hali ya wanakili inathibitisha jambo hilo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na mwandishi wa hati nzuri aliyewanakilia tenzi wataalamu wa kigeni kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Nakala alizoziandika kwa nyakati mbalimbali hazilingani neno kwa neno. Kila aliposhika kalamu upya alikuwa mnakili na mtunzi kwa pamoja. Hata hivyo, mabadiliko yake hayakumdhulumu mtu, kwa kuwa nakala ya awali ilibaki mikononi mwa aliyeipokea. Kijumwa hakuweza kuingia katika nyumba ya mtu, akafungua sanduku na kuufuta ubeti uliokwisha kusomwa. Ndiyo sababu mtafiti wa leo anaweza kuziweka nakala zake mbili sambamba na kuuona mkono ukifikiri.

3.0 Mkataba wa 1904 na Mrithi Wake

Mkataba wa serikali si utendi. Lakini nao ni matini yenye nafsi inayosema, hadhira inayoambiwa na ahadi inayotolewa, na historia ya Kajiado inatoa mfano mchungu wa mwandishi mwenye nguvu aliyeirudia kazi yake. Mnamo Agosti 1904, huko Naivasha, serikali ya Uingereza kwa mkono wa Kamishna Sir Donald Stewart ilifikia mkataba na Olonana, ambaye vitabu vingi humwita Lenana, pamoja na viongozi wengine wa Wamaasai. Wamaasai walitakiwa kuondoka katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Walitengewa maeneo mawili, moja Laikipia upande wa kaskazini, na jingine kusini katika nchi ambayo leo imo ndani ya Kajiado. Maandishi yaliahidi kuwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo kama kabila.

Umilele huo ulidumu miaka saba. Mnamo Aprili 1911, mwezi mmoja baada ya Olonana kufariki, mkataba wa pili ulitiwa saini wakati wa Gavana Sir Percy Girouard. Wamaasai wa Laikipia walitakiwa wahamie kusini, katika eneo lililopanuliwa. Linalostahili kuzingatiwa na mhakiki ni sauti ya mkataba huu. Unazungumza kana kwamba Wamaasai wenyewe ndio walioona heri kuishi pamoja mahali pamoja. Nafsineni imebadilishwa: mwenye kuitaka ardhi amenyamaza, na anayeipoteza ndiye aliyepewa kauli ya kuridhia.

Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali, wakishikilia kwamba neno la 1904 bado lilikuwa hai. Mwaka 1913 Mahakama Kuu iliamua kuwa mikataba hiyo ilikuwa ya mataifa mawili, na kwa hiyo haikuwa chini ya mamlaka yake. Na rufani ilishindwa Desemba ya mwaka uo huo. Wamaasai walipoteza kesi. Lakini hata kufika mahakamani kuliwezekana kwa sababu matini ya kwanza haikufutwa na ya pili. Laiti serikali ingaliweza kuyabadilisha maneno ya 1904 palepale yalipoandikwa, walalamikaji wangalisimama mbele ya hakimu na kumbukumbu zao tu.

Kumbukumbu nayo huhariri. Mnamo Agosti 2004 Wamaasai waliandamana wakidai warejeshewe ardhi ya Laikipia, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba muda wa miaka 100 ulikuwa umekwisha. Matini ya 1904 haikuweka ukomo wowote wa miaka. Iliahidi zaidi ya hapo. Hapa msomaji ndiye aliyeihariri matini, na kwa kufanya hivyo akaipunguza nguvu hoja yake mwenyewe. Mfano huu unaonyesha kuwa neno la kwanza lapaswa kuhifadhiwa kwa faida ya pande zote mbili.

4.0 Matoleo Mawili ya Riwaya Moja

Mfano wa tatu unairudisha mada katika fasihi andishi. Mwaka 1967 Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, alichapisha riwaya yake A Grain of Wheat. Mwaka 1986, akiwa uhamishoni na baada ya kuwekwa kizuizini kati ya 1977 na 1978, alitoa toleo lililorekebishwa. Baadhi ya mabadiliko ni ya istilahi, kwa mfano Chama kuitwa Harakati. Mengine yanagusa kiini cha wahusika. Katika toleo la kwanza, Koinandu anashiriki katika kumnajisi Daktari Lynd, mwanamke wa Kizungu. Katika toleo la pili mhusika huyo anaitwa Koina na kitendo hicho kimeondolewa. Kinachobaki ni kuuawa kwa mbwa wa mwanamke huyo.

Sababu za mabadiliko hayo zinaeleweka. Mwandishi wa 1986 alikuwa na msimamo wa kitabaka ulio wazi zaidi, na hakutaka mpigania uhuru abebe doa ambalo propaganda ya wakoloni ilikuwa imempaka kwa miaka mingi. Hata hivyo, doa hilo lilikuwa na kazi yake katika riwaya. Lilimfanya msomaji aitazame haki ya mapambano pamoja na uchafu wa baadhi ya wapambanaji, bila ya kimoja kukificha kingine. Lilipoondolewa, mpiganaji alisafika, lakini mwanamke aliyetendewa unyama alipoteza hata ushahidi wa kidhiki chake.

Kuna kinaya zaidi. Riwaya yenyewe inahusu sahihisho. Mugo, ambaye watu wanamdhania kuwa shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika. Angaliweza kunyamaza, na wanakijiji wangaliendelea kumwandikia historia nzuri. Badala yake anasimama mbele ya umati siku ya sherehe za uhuru na kukiri. Halibadilishi neno la kwanza kwa siri. Analikanusha mbele ya waliolisikia, na gharama yake anailipa mwenyewe. Hiyo ndiyo sura ya sahihisho ambayo riwaya inaitukuza katika matoleo yake yote mawili.

Inafaa kuongeza kwamba Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, hakuificha kazi yake ya kuhariri. Toleo la 1967 limebaki katika maktaba, wahakiki wamelilinganisha na la 1986, na mjadala umeutajirisha usomaji. Ni kwa sababu matoleo yote mawili yapo ndipo kosa, kama ni kosa, laweza kujadiliwa.

5.0 Ujumbe wa Simu

Ukilinganishwa na mifano iliyotangulia, ujumbe wa simu una tofauti moja ya msingi: mwandishi anaweza sasa kulifungua sanduku la msomaji. Anapohariri, nakala zilizoko katika simu za wengine hubadilika pamoja na yake. Mitandao yenyewe imelishughulikia jambo hili kwa njia mbalimbali. Facebook iliporuhusu watumiaji kuhariri machapisho yao mwaka 2013, iliambatanisha orodha ya matoleo ya awali ambayo msomaji aliweza kuifungua. WhatsApp iliporuhusu jambo hilo Mei 2023, iliweka muda wa dakika 15 na alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umehaririwa, bila ya kumwonyesha mpokeaji ulivyokuwa. Msomaji hujua kuwa kuna kilichobadilika, asijue ni kipi.

Si haki kudhani kwamba kila anayejihariri ana hila. Wengi husukumwa na haya ya kuonekana wamekosea tahajia, au na hamu ya kupata neno lililo bora. Mshairi aliyegundua kuwa mshororo wake umepungukiwa na mizani moja, akaiongeza, hajamdhulumu mtu. Kukosa si kosa. Mpaka uko pale ambapo mtu mwingine amelijengea neno la kwanza jibu, uamuzi au mapatano. Aliyeahidi kiwanja cha Kitengela kwa bei moja akaibadilisha baada ya mnunuzi kukubali, na aliyemtukana mwenzake kisha akalainisha tusi baada ya kujibiwa kwa ukali, wote wawili wamefanya jambo moja: wamemwacha mwenzao akionekana kama anayejibu kitu kisichokuwapo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuirudia kazi iliyokwisha kutolewa hakukuanza na simu, na wala hakupasi kulaaniwa kwa jumla. Kilichobadilika ni hatima ya neno la kwanza. Nakala ya Lamu, karatasi ya Naivasha na chapa ya 1967 ziliendelea kuwapo hata baada ya waandishi wake kubadili nia. Ujumbe wa leo waweza kutoweka machoni pa yuleyule aliyeusoma.

Kwa mhakiki, funzo ni kutaja wazi toleo analolinukuu, maana hukumu juu ya Koinandu haiwezi kuhamishiwa kwa Koina. Kwa mwandishi wa kawaida, njia iliyo salama ni ya zamani: kuliacha kosa mahali pake, na kuandika sahihisho chini yake, kwa jina lake, mahali ambapo aliyelisoma la kwanza atalisoma na la pili.