Kadhi, mmishenari na Kiswahili kilichowaketisha pamoja

KUNA hoja inayorudi kila mara katika mijadala yetu kuhusu Kiswahili, iwe darasani au ndani ya matatu: kwamba lugha hii ina dini. Wapo wanaosema ni ya Waislamu na Wakristo waliidandia tu. Wapo wanaojibu kwamba ah, bila wamishenari lugha yenyewe isingekuwa na kamusi wala sarufi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasahau jambo lile lile. Nyingi ya kazi kongwe tunazozitegemea zilitoka mahali ambapo Mwislamu na Mkristo waliketi pamoja, kila mmoja na imani yake, wakatafuta neno.

Hebu tuanzie Mombasa, mwaka wa 1844. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alikuja na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Ndani ya barua hiyo Sultani, naye Mwislamu, aliwaagiza watu wake wamtendee wema mgeni huyu, tena bila kuficha kwamba alitaka kuwavuta watu kwa Mungu kwa njia ya dini yake. Juni mwaka huo Krapf akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Nani aliyemwongoza? Si karani wala mtumishi. Alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin, mzawa wa Barawa, mtu ambaye Waislamu wa mji walimpelekea kesi zao awaamulie kwa sheria ya dini yao. Krapf aliihesabu siku waliyoianza kazi hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu za maisha yake. Mwezi uliofuata homa ilimchukua mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga.

Nimewahi kujiuliza, kwa nini Mwanzo? Jibu langu ni kwamba mahali pa kuanzia palikuwepo tayari. Adamu, Nuhu na Ibrahimu ni watu ambao kadhi aliwajua tangu utotoni chuoni. Hakuhitaji kuelezwa safina ni kitu gani. Wangeanza na habari za msalaba, huenda mazungumzo yangeishia barazani.

Lakini tusiwatie sukari wazee hawa. Krapf huyo huyo alishikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba alihofia herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kuenea. Yaani alichota maji kwenye kisima cha kadhi huku akitaka njia ya kwendea kisimani izibwe! Na bado, ndiye huyo huyo aliyezitafuta nakala za utendi mkongwe wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ule uitwao Chuo cha Herekali au Utendi wa Tambuka, akazipeleka Ujerumani. Mwaka wa 1854 zikawekwa katika maktaba mjini Halle. Anayeujua utendi huo anajua kinachochekesha hapa. Unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Warumi Wakristo, na wanaopigwa ni Wakristo. Mmishenari aliuhifadhi hata hivyo.

Sasa tuvuke Unguja, maana huko ndiko kuna kisa ninachokipenda zaidi. Edward Steere alifika mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer, na baadaye, 1874, akawa askofu yeye mwenyewe. Akakutana na Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanazuoni wa tarika ya Kadiria, naye pia mzawa wa Barawa. (Wabarawa na Kiswahili ni somo ambalo halijaandikiwa vya kutosha.) Wawili hawa walijadiliana kuhusu dini waziwazi, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Steere alikufa Mkristo mwaka wa 1882, na shekhe akafa shekhe mwaka wa 1896.

Basi shekhe ndiye aliyejitolea, kwa hiari yake, kumtafsiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili safi kabisa. Tuangalie tena kitabu kilichochaguliwa: Zaburi, ambayo Kurani yenyewe inasema aliteremshiwa Nabii Daudi. Kazi ilikwama kwenye zaburi ya sita. Steere ameeleza kwamba shekhe alikuwa na shughuli nyingi, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa matumizi ya misheni. Hata hivyo alizichapisha zaburi hizo sita, ziwe kumbukumbu ya wema wa shekhe, na pia kielelezo cha kile ambacho mmoja wa wasomi wakubwa wa Unguja alikiona kuwa Kiswahili bora.

Hapo pana jambo. Walipoachana, hawakuachana kwa sababu ya dini. Waliachana kwa sababu ya msomaji. Sheikh Abdulaziz alimwandikia mtu aliyekulia msikitini na barazani, mwenye sikio la Kiarabu. Steere alikuwa na watoto waliookolewa kutoka utumwani, waliotoka bara, ambao Kiswahili chenyewe ndiyo kwanza walikuwa wakijifunza. Ungempa mtoto wa Kiyao Kiswahili cha kadhi, angeelewa nini? Huu ni mzozo ambao mhariri yeyote wa gazeti anaujua, na hauna kanisa wala msikiti.

Mombasa nako, miaka ya 1880, mmishenari mwingine, William Taylor, alikaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Jina tu ndilo Sikujua. Mzee alijua sana. Yeye ndiye aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa wenyeji, akazifafanua, na Taylor akazinakili na kuzitunza. Sikujua akafariki mwaka wa 1890. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa na Hichens mwaka wa 1940, ilisimama juu ya kazi ya wawili hao. Mtahiniwa anayeandika leo kuhusu Muyaka anawadaiwa wote wawili, ingawa aghalabu humtaja mmoja, au asimtaje yeyote. Ninaona hili ni deni halisi. Majina ya akina Ali bin Muhiddin na Sikujua hayana budi kutajwa pale pale tunapotaja ya Krapf na Taylor.

Siyo kila mara mambo yalikwenda hivyo. Mwaka wa 1923 Godfrey Dale, padri wa Unguja, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ikiwa na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la Mkristo anayejiandaa kwa mabishano. Waislamu wengi hawakuipokea kama zawadi, na sishangai. Baadaye zikafuata tafsiri za Waislamu wenyewe, ya Waahmadiya mwaka wa 1953, kisha ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambayo ilitoka ikiwa kamili mwaka wa 1969. Mwenye kupenda nathari ya Kiswahili amefaidi, lakini mezani hapakuwa tena na watu wawili. Kila mmoja aliandika akiwa upande wake wa ukuta.

Kilichobaki baina yetu ni msamiati. Dhambi, toba, imani, sala, nabii, malaika, sadaka: maneno haya yote yana asili ya Kiarabu, na padri huyatamka kila Jumapili bila kushtuka. Hata msalaba na kanisa yana asili hiyo hiyo. Mwislamu husema Isa na Mkristo husema Yesu, kila mmoja anajua mwenzake anamtaja nani, na kila mmoja anajua hawamwamini kwa namna moja.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja, mlokole, aliniomba nimsamehe asisome tendi za Kiislamu kwa sababu ya imani yake. Mwingine, Mwislamu, hakutaka kuigusa Biblia hata kwa zoezi la lugha. Sikuwahubiria. Niliwapa zaburi ya kwanza mara mbili, ile ya Sheikh Abdulaziz na ile ya Biblia ya Union Version ya 1952, bila kuwaambia nani aliandika ipi, nikawataka waseme ni ipi ya Mwislamu. Walibishana hadi kengele ikalia, na kufikia wakati huo mabishano yalikuwa yamehamia kwenye viambishi.