Mwalimu wa Fizikia Haanguki Kutoka Mbinguni

Wasee, tangu Gredi ya 10 ianze Januari 2026, wimbo ni mmoja tu: STEM, STEM, STEM. Serikali imesema inataka karibu asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wafuate njia hiyo. Sawa, si mbaya. Swali langu ni dogo: nani atawafundisha? Na huyo atakayewafundisha, yeye alifundishwa na nani? Ukilifuata hilo swali nyuma miaka mia moja hivi, utaona tumekuwa tukilijibu nusu nusu.

Tuanze na mkoloni. Mwaka 1924, Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule. Ikapendekeza elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini: kilimo, ufundi, usafi. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, kufunza walimu ambao wangeenda kusaidia shule ndogo ndogo za mashambani. Sidharau kilimo, kilimo ni sayansi. Lakini mtoto wa kawaida hakuandaliwa kukutana na fizikia au kemia. Sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926. Ya wasichana? 1948. Miaka 22 baadaye! Kwa hivyo hata kabla ya uhuru, foleni ya watu ambao wangeweza kuja kuwa walimu wa sayansi ilikuwa fupi, na msichana alisimamishwa mwisho kabisa.

Uhuru ukaja 1963. Wazazi wakachanga pesa, shule za harambee zikamea kila mahali. Kujenga darasa, kijiji kinaweza. Kuchanga mwalimu wa kemia, hakiwezi. Ndiyo maana miaka hiyo sayansi na hesabu zilifundishwa sana na wageni, wakiwemo vijana wa Peace Corps kutoka Marekani. Wageni nao hukaa kidogo, wakaondoka.

Hapo ndipo Kenya ilifanya kitu cha maana ambacho watu wa rika letu hatukisikii sana. Katikati ya miaka ya 1960, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha Kenya Science Teachers College, pale Ngong Road, Nairobi. Kijana alimaliza Fomu Nne, akaingia, akasoma miaka mitatu, akatoka mwalimu wa sekondari wa S1. Ukiongea na wazee waliofunzwa na walimu wa S1 watakwambia wenyewe. Nikiipenda hiyo stori ni kwa sababu moja: chuo kilikuwa na kazi moja, kutengeneza walimu wa sayansi, na hukuhitaji digrii kuanza safari. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kagumo na wengine wachache wakabaki na stashahada, lakini mlango mmoja mkubwa ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1998 Japani nayo ikaja na mradi wa SMASSE. Ulianza na wilaya 9, halafu kuanzia 2003 ukaenea nchi nzima. Kama mwalimu wako wa baiolojia aliwahi kupotea wakati wa likizo akaenda "SMASSE", ndiyo hiyo. Walimu walifundishwa kuacha kusoma noti kama taarifa ya habari, wawape wanafunzi majaribio, na kama vifaa hakuna, watumie chupa za plastiki, nyaya, betri kuukuu. Poa sana. Lakini angalia: huo ulikuwa mradi wa watu ambao tayari ni walimu. Ni kama kurekebisha gari likiwa barabarani. Swali la nani anaingia chuoni halikuguswa.

Na hapo ndipo noma ilipo. Ili usomee ualimu wa sekondari kwa digrii, unahitaji C+ kwa jumla, na C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha. Inaonekana haki kwa wote. Sasa chukua shule isiyo na mwalimu wa fizikia. Chini ya 8-4-4 fizikia ilikuwa ya kuchagua, kwa hivyo shule kama hiyo iliweza kuiacha tu. Hakuna aliyefanya fizikia, hakuna aliyepata C+, hakuna atakayerudi nyumbani kuifundisha. Miaka kumi baadaye shule ni ile ile, pengo ni lile lile.

Mimi naijua hiyo shule kwa sababu nilisoma ndani yake. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa wa kuandikwa na bodi, mshahara unachelewa, akapata kazi kwingine tukiwa Fomu Tatu. Darasa la fizikia likavunjwa, tukaambiwa tuchague kitu kingine. Baadaye nilienda chuo, karo ikanishinda, nikatoka. Lakini ile siku ya Fomu Tatu ilikuwa imeshaamua mambo mengi kabla karo haijafika.

Kaskazini Mashariki ni mbaya zaidi, na huko iligharimu maisha. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera likielekea Nairobi lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani Krismasi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wa huko. Huwezi kuwalaumu walioondoka. Lakini shule zilizobaki bila mwalimu wa hesabu zilikuwa zinalipa deni la zamani: hatukuwahi kuandaa vijana wa kutosha wa pale pale kushika chaki.

Utaniambia, na Peter Tabichi je? Kweli. Mwaka 2019 mwalimu wetu wa hesabu na fizikia wa Keriko, Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, akitoka shule yenye kompyuta moja. Nilishangilia kama nyinyi. Ila huwezi kuendesha nchi kwa kungoja Tabichi mwingine azaliwe.

Kwa hivyo nikipewa kipaza sauti dakika moja, nitasema hivi. Kijana aliyetoka shule isiyo na fizikia apewe mwaka mmoja wa kuisoma vizuri kabla ya kuhukumiwa kwa gredi ambayo hakupewa nafasi ya kuipata. Karo ya msichana wa Wajir, Turkana au Tana River anayetaka kufundisha kemia ilipwe, kwa makubaliano afundishe kwao miaka kadhaa. Viziwi na wasioona wafunzwe kuwa walimu wa sayansi pia, maana wanafunzi wao wapo. Na mazoezi ya kufundisha yasiwe muhula mmoja tu, mwanachuo akitupwa darasani peke yake. Akae na mwalimu mzoefu mwaka mzima.

Wewe shule yako ilikuwa na mwalimu wa fizikia? Andika hapo chini jina la kaunti tu. Tuone ramani inatokeaje.